Mguu wa Kulia

"Basi usiiguse. Niachie nifunge mwenyewe," Kishada alisema.

"Utafunga na nini, na mdomo?" dada yake alimjibu kutoka chini.

Alikuwa amelala kiubavu juu ya boksi lililokunjuliwa, mkono umeingia nyuma ya gurudumu la pikipiki ya mbio mpaka kwenye kiwiko. Kila mwenye chombo cha magurudumu mawili alimjua kwa jina la Spana. Waliompa jina hilo kwa kumkejeli, enzi zile mwanamke kushika grisi kulikuwa kichekesho, ndio hao hao waliokuja sasa kumpigia hodi pikipiki zao zilipogoma. Asubuhi hii alikuwa anabadilisha pedi za breki ya nyuma katika banda la mabati nyuma ya uwanja wa maonyesho. Upande wa pili wa ukuta watu walikuwa wameshaanza kujaza majukwaa.

"Mimi nimesema neno moja tu," akaendelea. "Leo iwe mwisho wa michezo hii. Una mtoto ndiyo kwanza anajifunza kutembea."

"Neno moja! Tangu jana unaniimbia hilo neno moja. Nani amekutuma? Amekutuma yeye?"

Yeye alikuwa mkewe, na kweli ndiye aliyemtuma. Alikuja karakana jana yake, akakaa juu ya tairi bovu, akalia bila kutoa sauti, kisha akasema, "Wifi, ni wewe peke yako anayekusikiliza." Spana angeweza kukataa mengi duniani, lakini si machozi ya wifi yake.

"Hata kama nimetumwa, mdomo ni wangu."

"Nani aliyenifundisha kuinua hii pikipiki, Dada? Si wewe? Ulinifundisha ya nini kama ulitaka nikae kibarazani nihesabu wapita njia?"

Hapo Spana akapaza sauti. Akamwambia alimfundisha akiwa kapera mwenye akili timamu. Sasa ukapera umeondoka na akili imeufuata. Kishada akasema anajua ugonjwa unaomsumbua: ni kutengeneza vitu wanavyopanda wengine. Neno hilo lilimchoma kweli. Akaikaza skrubu ya mwisho kwa nguvu kuliko ilivyohitaji, akainuka, akafuta mikono, akakitupa kitambaa chini.

"Chukua. Iko tayari. Nenda nayo."

Mafundi wa mabanda ya jirani walijifanya hawasikii. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, na wao walikuwa na kazi zao za kutosha.

Kishada akaisukuma kwa mikono bila kuiwasha, maana ilikuwa marufuku kuendesha kati ya mabanda. Siku zote kabla ya kutoka alipanda, akakanyaga pedali ya breki kwa mguu wa kulia mara kadhaa huku dada yake akimtazama, na hakuna aliyeondoka mpaka wametikisiana vichwa. Leo hakukanyaga kitu. Hakutaka kusimama mbele ya uso ule hata kwa muda wa kupiga chafya.

Spana alianza kuokota vifaa vyake kwa fujo, akivirusha ndani ya sanduku. Bisibisi, koleo, funguo. Akashika klampu, ile aliyoitumia kurudisha pistoni za breki ndani ili pedi mpya, nene, zipate nafasi ya kuingia. Akabaki ameishika.

Pedi mpya zikishaingia, pistoni zinakuwa bado zimejificha kule ndani, mbali na diski. Lazima pedali ipampiwe zitoke, zije kuzisukuma pedi zishike. Mara ya kwanza pedali inazama bila kukutana na kitu. Ya pili hivyo hivyo. Ndipo inaanza kukaza. Ni kazi ya kitoto, na ndiyo ya mwisho, baada ya skrubu. Na baada ya skrubu yeye alikuwa ametupa kitambaa. Hasira hasara, walisema wahenga, wala hawakuona haja ya kuongeza neno.

Akatoka mbio, klampu bado iko mkononi.

Barabarani kosa kama hilo humpa mtu mshtuko tu, kwa sababu breki ya mbele ipo. Lakini pikipiki ikisimama kwa tairi la nyuma, gurudumu la mbele liko hewani na breki yake ni pambo. Spana aliyajua hayo kama anavyojua meno yake. Unashika gia ya pili, unabana klachi kwa vidole viwili, unatia mafuta, unaachia, na mbele inapanda. Inapanda mpaka inafika mahali ambapo waendeshaji wanapaita mizani, pikipiki haitaki kulala mbele wala kuanguka nyuma, na injini inanong'ona. Kabla ya mizani, ukikata mafuta inashuka. Ukiivuka, hata ukikata mafuta huna ulichofanya. Kinachobaki ni mguu wa kulia: unagusa pedali, tairi la nyuma linazuiwa kidogo, na mbele inarudi ardhini.

Ndiyo maana hakumfundisha mdogo wake kupanda. Alimfundisha kushuka. Msimu mzima, kwenye barabara ya nyuma ya kiwanda cha matofali, alimkataza kuinua tairi zaidi ya kimo cha goti, na kila akiinua lazima akanyage, ashushe, aanze tena. Kijana alilalamika, akanuna, akamwita mkoloni. "Mkono unaweza kukusahau," alimwambia. "Mguu huu usikusahau." Mpaka leo waendeshaji wengine walifunga chuma nyuma ya pikipiki zao ili wakizidisha kiegemee chini. Cha Kishada alikifungua mwenyewe mwaka jana, akakiita mkongojo wa wazee.

Langoni mlinzi akanyoosha mkono. "Mama, huku hakupitwi na watu wa mabandani."

"Toka!"

"Mama, taratibu zipo kwa..."

Alipita chini ya kwapa lake. Mlinzi akabaki anatazama grisi kwenye shati lake jeupe.

Uwanjani muziki ulikuwa unapigwa kwa spika kubwa kama makabati. Kishada alikuwa ameshawasha, anazunguka polepole kupasha tairi moto na kuwapungia watu mkono. Akifika kwenye kona alipunguza mwendo kwa breki ya mbele. Ya nyuma alikuwa akiihifadhi kwa ajili ya wakati tairi liko juu, kama alivyofundishwa, na kwa mara ya kwanza Spana akalaani mafunzo yake mwenyewe.

Wifi yake alikuwa amesimama kwenye chuma cha uzio, mkoba kifuani. Spana akamfikia, akapanda chuma cha chini, akapiga kelele mpaka koo likauma. "Breki! Sikuipampu! Kishada! Sikuipampu breki!"

"Nini?" wifi yake akamshika mkono. "Hukufanya nini?"

Kishada alikuwa anakuja upande wao. Spana akainua mguu wake wa kulia, akakanyaga hewa, akakanyaga tena na tena. Ndani ya kofia ngumu, katikati ya muziki ule, Kishada aliona jambo moja tu: dada yake amekuja kumtazama, na anarukaruka. Akainua mkono wa kushoto, akauweka kifuani, akainamisha kichwa kidogo. Alikuwa anaomba radhi.

Kisha akaingia mstari wa katikati, akainua.

Ilipanda vizuri, na hilo ndilo lililomtisha Spana zaidi. Tairi la mbele likapita kimo cha goti, cha kiuno, cha bega. Injini ikapunguza makelele. Alikuwa kwenye mizani, na watu wakaanza kupiga makofi, naye akazidisha kidogo, kama alivyozidisha kila siku, kwa sababu siku zote ule mguu ulikuwepo.

Spana aliona goti la kulia likisogea. Akaona pikipiki haikusikia.

Ikaendelea kulala nyuma. Mkia ukagusa sakafu, cheche zikaruka, kile kibati cha namba kikang'oka na kubingirika. Mgongo wa Kishada ulikuwa karibu kulingana na ardhi. Wifi yake alitoa sauti ambayo Spana hakuwahi kuisikia kwa binadamu. Goti likasogea tena, tena, haraka haraka, mguu umepagawa, na ghafla tairi la nyuma likabanwa, pikipiki ikajitupa mbele, ikatua kwa kishindo, ikayumba kushoto na kulia kabla ya kunyooka.

Majukwaa yakalipuka. "Mabibi na mabwana," mtangazaji alipiga kelele, "kishada kimekata uzi! Kimekata uzi na kimerudi!"

Kila mtu alidhani ndivyo ilivyopangwa. Spana alishuka kutoka kwenye chuma. Akakaa chini pale pale.

Walipofika bandani, Kishada alikuwa ameshairudisha pikipiki na amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia iko miguuni, midomo imekauka na kuwa myeupe. Mkewe alimrukia shingoni. Spana alisimama mlangoni. Alikuwa amejiandaa kusema, maneno yalikuwa ulimini kabisa. Lakini mdogo wake akamtangulia.

"Mguu, Dada."

"Mguu umefanya nini?"

"Nilikanyaga. Au nilidhani nimekanyaga, sijui. Umeshuka mpaka mwisho na sikuhisi kitu. Kama si wangu." Aliutazama ndani ya buti. "Si uliniambia mkono unaweza kunisahau? Leo ni mguu."

Ndio mguu aliouvunja mwaka juzi, kifundoni, wala si kwa michezo. Aliteleza kwenye ngazi za nyumbani kwake akiwa amebeba kapu la nguo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walimwambia, na walimwambia mpaka akawa akimwona mtu anafungua mdomo tu anaimalizia methali mwenyewe. Daktari alitia vyuma. Alichechemea kwa muda mrefu, kisha akaacha, na jambo hilo likasahaulika. Spana alidhani limesahaulika.

"Nimeacha," Kishada akasema. "Nendeni mkawaambie raundi ya pili sipo. Na hiyo pikipiki, Dada, ifungue, uza spea, fanya utakavyo. Mimi basi."

Mkewe alifunga macho. Machozi yalimtoka, safari hii ya furaha, na hakujaribu kuyaficha. Kisha akafungua macho na kumtazama Spana juu ya bega la mumewe. Akainuka, akamshika mkono, akamvuta mpaka nyuma ya banda.

"Wifi, nilisikia ulichosema pale kwenye uzio."

Spana aliegemea mabati.

"Nilisikia mimi tu. Mwingine hakusikia." Alikuwa anaongea upesi, kwa sauti ya chini. "Sikulaumu. Wallahi sikulaumu. Mungu ametumia mkono wako. Mume wangu amesema mwenyewe ameacha, hatukumlazimisha, hatukumdanganya. Wewe nyamaza tu. Kunyamaza si uongo, wifi."

"Anadhani mguu wake umekufa."

"Na adhani! Nimemzalia mtoto, sikumzalia yatima. Unajua ninavyolala siku za maonyesho? Silali. Nasikiliza simu. Nakuomba."

Spana hakuwa mtakatifu. Alilitaka jambo hilo, na alilitaka kwa nguvu zake zote. Mdogo wake yuko hai. Wifi yake anacheka na kulia. Jina lake la ufundi limebaki safi, hakuna atakayesema kwamba Spana aliruhusu chombo kitoke bila kupampu breki. Kila mmoja amepata alichokuwa anakililia, na kinachotakiwa ni yeye kufunga mdomo. Ni lini dunia imekuwa rahisi namna hiyo?

"Sawa," alisema.

Wifi yake akambusu shavuni, kwenye grisi.

Wakarudi, wakaanza kufungasha. Kishada akasema ana kiu, akainuka kwenda bombani, mwisho wa mstari wa mabanda. Fundi mmoja wa jirani akampigia makofi. "Kishada! Mguu haujambo?"

"Umestaafu kabla yangu," Kishada akamjibu, wakacheka wote wawili.

Spana aliinua kichwa kutazama kicheko kile kilipotoka. Akamwona mdogo wake kwa nyuma. Alikuwa anachechemea. Hakuwa ameumia popote. Hakuanguka, hakugonga kitu. Lakini alikuwa anauburuta mguu wa kulia kama siku zile za plasta, mkono mmoja unapapasa mabati, na kila akiuweka chini alikuwa anautazama, kuhakikisha umefika. Alikunywa maji, akajifuta, akageuka. Akarudi hivyo hivyo, hatua kwa hatua, macho chini. Mtu mzima anajifunza kutembea na mwanawe.

Spana alijiambia atazoea. Akajiambia afadhali kuchechemea kuliko jeneza, na ni kweli. Akaishika klampu ili aitie sandukuni, na mkono ukakataa kuiachia.

"Mguu wako ni mzima," alisema.

"Wifi," mke akasema.

"Ni mzima. Sikuipampu breki. Nilibadilisha pedi, nikarudisha pistoni, nikafunga, halafu nikakupa ukaondoka. Pedali ilikuwa tupu. Ulikanyaga, na hakukuwa na kitu cha kukanyaga."

Kishada alisimama katikati ya banda. Akamtazama, akaitazama pikipiki, akamtazama tena.

"Unanidanganya ili nisijisikie vibaya."

"Mimi? Lini nimewahi kukubembeleza?"

Hilo lilimfanya afikiri. Akaiendea pikipiki, akainama, akaibonyeza pedali kwa kiganja. "Mbona imekaza?"

"Imekaza kwa sababu uliipampu wewe, huko juu. Mkia unatoa cheche, mgongo umelala, na mguu wako unapampu breki. Kazi iliyonishinda mimi nimelala chini kwenye kivuli, mguu huo umeifanya angani." Akaiweka klampu chini. "Haukukusahau. Mimi ndiye niliyekusahau."

Kule nje mtangazaji alikuwa anapima kipaza sauti chake. Kishada akakaa kwenye ndoo. Akafungua kamba za buti la kulia, akalivua, akavua soksi. Kovu la kifundoni lilikuwa limepauka. Akakunja vidole, akavinyoosha. Kisha akanyoosha mguu mtupu, akauweka juu ya pedali ya chuma, akaikanyaga polepole, uso umeelekea pembeni kama mtu anayesikiliza.

"Ungeniua," alisema.

"Ningekuua."

"Na ulitaka kunyamaza."

"Nilishanyamaza. Nilikubali kabisa."

"Sasa kwa nini umesema?"

"Unachechemea."

Akakanyaga tena. "Si ulitaka niache?"

"Bado nataka. Hata sasa nakuomba. Acha leo, acha sasa hivi, nitakuchinjia kuku. Lakini uache na mguu mzima."

Mkewe aliinama, akaliokota buti lililolala sakafuni. Alipoongea, hakumwangalia mumewe.

"Wifi, nilikuomba jambo moja."

"Uliniomba."

"Basi likitokea la kutokea, usije kwangu kunipa pole. Utaishia mlangoni."

Spana alitikisa kichwa kukubali. Lilimuuma kuliko lile la asubuhi, na hakuwa na pa kulipeleka.

Nje muziki ukapunguzwa. Mtangazaji akaanza kuwataja wa raundi ya pili, mmoja baada ya mwingine, na alipofika kwa Kishada majukwaa yalipiga miguu chini mpaka mabati ya banda yakatetemeka. Hakuna aliyesogea. Jina likaitwa tena.

Kishada aliinuka. Mguu mmoja una buti, mwingine mtupu, akaivuka zege ile yenye madoa ya oili mpaka kwa mkewe, na hakutazama chini hata mara moja. Akasimama mbele yake, akanyoosha mkono. Mke alikuwa amelibana buti kifuani kwa mikono yote miwili, kamba zinaning'inia. Mtangazaji akaita kwa mara ya tatu.